Rangi ya maji ya silki sebuleni: nimeridhika. Korido ni habari nyingine

Tunaishi Kigamboni, ambako upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, kwa hiyo kuta zetu hazina raha. Tulipopaka upya ndani tulichukua rangi ya maji ya aina mbili kutoka kiwanda kimoja: silki, yaani inayong'aa kidogo, ya sebuleni, na ile ya kawaida isiyong'aa ya korido na vyumbani. Masika imepita, joto limepita, sasa naweza kusema.

Silki naipa nyota nne na nusu. Mwanangu mdogo anaamini ukuta ni daftari. Penseli na alama za vidole vyenye mafuta ya maandazi zinatoka kwa kitambaa kibichi na sabuni kidogo. Kalamu ya wino inabaki kivuli. Nusu nyota nimeikata kwa sababu silki ni mmbea: taa ikiwaka jioni, kila bonde la plasta linaonekana. Kama ukuta haujapigwa skimu (ule upako mwembamba wa kulainisha) na msasa vizuri, afadhali isiyong'aa.

Sasa korido. Egemea kidogo umevaa shati jeusi, unaondoka na bega jeupe. Hapo lawama nagawa mara mbili, kiwanda na fundi. Rangi ya maji ndani yake ni chembe ndogo za plastiki, akriliki au vinili, zinazoelea majini pamoja na unga unaoleta rangi na chaki ya kujazia. Maji yakishakauka, zile chembe zinashikana na kuwa ngozi moja inayoubana unga ukutani. Rangi ya bei ya chini ina chembe chache na chaki nyingi. Ukiiongezea maji kupita kiasi, ngozi inakuwa nyembamba mno na unga unabaki wazi. Ndiyo ule wa begani.

Ndoo yetu iliandikwa maji yasizidi asilimia 10, yaani lita 2 kwa ndoo ya lita 20. Fundi alikuwa na jagi lake. "Dada, ikiwa nzito inakula rola," akaniambia. Nikamsomea maandishi, akacheka: "Hayo wanaandika tu." Sebuleni nilikaa naye mpaka mwisho. Korido aliipaka niko kazini.

Huyo huyo alitaka ninunue ndoo nzima kwa sebule peke yake. Piga hesabu mwenyewe kabla ya kwenda dukani. Chumba cha mita 4 kwa 4, urefu wa ukuta mita 2.8, ni kama mita za mraba 45. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 40. Lita moja kwenye ukuta laini inafunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili ni lita 8, yaani galoni mbili za lita 4. Plasta ya kukwaruza inakunywa zaidi, ongeza kidogo.

Harufu ni ndogo, na tulilala sebuleni usiku uliofuata madirisha yakiwa wazi. Rangi ya mafuta na thina yake isingetuachia. Ila msitegemee rangi izuie unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Chini ya dirisha letu imeanza kutoa malengelenge na chumvi, na hilo si kosa la rangi. Plasta mpya nayo iachwe ikauke kama wiki 4, maana simenti mbichi inaila rangi.

Rangi iliyobaki ndiyo watu wengi wanaimwaga mtaroni. Kwetu mtaro unaishia baharini, na samaki tunanunua hapo hapo. Kama ni ya kutosha kurudia madoa, futa ukingo wa kopo, funga mfuniko vizuri na uweke kivulini. Ukifungua siku nyingine ikanuka kama yai viza, bakteria wameshaingia, usiipake. Kidogo kisichofaa changanya na mchanga au unga wa mbao, tandaza juu ya boksi kuukuu juani mahali watoto hawafiki, na kikishakuwa kigumu kiende na taka za kawaida. Hiyo ni kwa rangi ya maji tu. Ya mafuta na thina usizifanyie hivyo. Brashi na rola kwanza zifute kwenye gazeti mpaka zikaribie kukauka, ndipo uzioshe kwa maji kidogo, mbali na kisima.

Na zile ndoo tupu! Jirani alikuja kuomba moja ya maji ya kunywa, nikamkatalia, akanuna. Rangi ya maji huwekewa dawa ya kuzuia isioze ndooni, na plastiki yenyewe haikutengenezwa kwa chakula. Nilimpa ya kudekia, tukapatana. Korido tutaisugua msasa, tuifute vumbi, tupake praima ya kushika unga, halafu silki, siku ambayo nipo nyumbani.