Maranda yenye marashi: uzoefu wangu, na jibu nililopewa dukani

Nilipoanza kuandika maoni haya kuhusu mfuko wa maranda ya kutandika kwenye kizimba cha simbilisi, nilikusudia kutoa nyota tatu kati ya tano. Nilijiambia nitende haki, kwa sababu maranda yenyewe ni laini, yananyonya mkojo upesi, na kuyazoa ni kazi ya dakika chache. Yote hayo ni kweli na siyakani. Ila kila nikimkumbuka yule muuzaji alivyogeuka kumtazama kijana wake ili wacheke pamoja, moyo unanikataza kuwa mkarimu.

Nina simbilisi wawili (guinea pig kwa Kiingereza) ninaowafuga ndani, Shanga na Mzee. Shanga ni jike mwenye makelele, akisikia mlango wa jokofu unafunguka nyumba nzima itajua. Mzee ni dume aliyehasiwa, mtulivu, na sasa ana zaidi ya miaka mitano, umri mkubwa kwa simbilisi. Kizimba chao kipo sebuleni, hatua chache kutoka ninapokaa jioni.

Kwa muda mrefu nilikuwa nawatandikia kitambaa cha flisi, kile laini cha kutengenezea blanketi, chini yake taulo nzito. Walikuwa salama kabisa. Mimi ndiye niliyechoka: kupangusa manyoya kabla ya kufua, kufua, kuanika, kukunja, na baada ya siku tatu au nne unaanza upya. Kipindi fulani kazi zilinielemea nikaona nijaribu maranda ya mbao kama wafugaji wengine. Ndiyo nikafika kwenye duka hilo, nikaonyeshwa mfuko mkubwa wenye picha ya simbilisi na maandishi kwamba maranda yametiwa harufu ya maua.

Nilimuuliza muuzaji, tena mara mbili, kama yanawafaa simbilisi. Akasema, "Hayo ndiyo bora kuliko yote, dada. Nyumba haitanuka." Lilitazameni vizuri jibu hilo. Nimeuliza habari za mnyama, nimejibiwa habari za nyumba. Siku ile sikuliona hilo. Nilibeba mfuko nikaondoka na furaha yangu.

Nilitandaza kama sentimita tano hivi, nikawarudisha ndani. Shanga akarukaruka hewani kama wanavyoruka wakifurahi, Mzee akachimba kashimo pembeni akalala. Sebule ilinukia. Jioni ile nilijilaumu kwa miezi yote niliyoipoteza nikifua taulo, na kama ningeandika maoni haya usiku huo ningetoa nyota zote tano na kuwasihi mwende mkanunue.

Haikuchukua siku nyingi. Kwanza Mzee alipiga chafya, nikadhani ni vumbi la kufungulia mfuko. Kesho yake akapiga tena mfululizo. Kisha nikaona macho yake yana utando mweupe uliokauka pembeni, manyoya ya mdomoni yamelowa, na nilipomweka sikioni nikasikia kitu kinagonga taratibu kifuani kila akivuta pumzi. Majani aliyokuwa akiyakimbilia aliyanusa akayaacha. Hapo sikungoja. Simbilisi huficha ugonjwa hadi hawezi tena, na akishaacha kula hata kwa siku moja tumbo lake huanza kuacha kufanya kazi. Simbilisi hutegemea pua kwa pumzi yake. Pua ikiziba hana uwezo wa kuhamia mdomoni kama wewe na mimi.

Daktari wa wanyama kabla hajamgusa aliniuliza swali moja: "Mnamtandikia nini?" Nilipomwambia, alisema nikifika nyumbani nitoe kila kitu usiku huohuo, nifute kizimba, nirudishe kitambaa. Akampa Mzee dawa iliyopimwa kwa uzito wake. Akanionya nisije nikamnywesha dawa za watu zilizobaki kabatini, hasa za jamii ya penisilini, kwa kuwa zinaua vijidudu vyema vya tumbo la simbilisi na kumuua naye pia. Ninalitaja hili kwa sababu najua kuna mtu atasoma haya usiku mnyama wake akiwa anakoroma, na mkono wake utakwenda kabatini. Usifanye hivyo.

Mzee alipoanza kula tena nilirudi dukani na mfuko.

Nataka ieleweke kwamba sikufuata pesa. Mfuko ulikuwa umefunguliwa na nilijua hautarudishwa. Nilitaka kumwambia tu: ndugu yangu, mnyama aliye kwenye picha hii aliumwa kwa kilichomo ndani, tafadhali usimpe mtu mwingine bila kumtahadharisha. Nilisema kwa sauti ya chini, dukani kulikuwa na wateja. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Dada, hawa si ni panya tu? Panya anaishi mtaroni, leo afe kwa maua?" Na ndipo akageuka kwa yule kijana, wakacheka wote wawili.

Nilisimama pale nimeshika mfuko kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Sikuwa na jibu. Majibu yote yalinijia njiani.

Jibu la kwanza ni kwamba kama ni panya tu, mbona unawauzia vizimba, chupa za maji, na mifuko yenye picha zao? Pesa ya simbilisi unaipokea, pumzi ya simbilisi inakuchekesha. La pili ni hili, na hapa nawaomba wafugaji wenzangu mnisikilize hata kama hasira yangu imewachosha: harufu nzuri kwenye matandiko inamhudumia mwenye nyumba, na hata yeye inamdanganya. Mkojo wa simbilisi ukikaa, bakteria huuvunja ukatoa amonia, na amonia huchoma pua na mapafu yao. Kwa kawaida pua yako ndiyo inayokuambia sasa safisha. Marashi yalininyima habari hiyo. Sebule ilinukia maua huku Mzee, aliyelala pua yake ikiwa kidole kimoja kutoka kwenye kilicholowa, akivuta amonia na marashi kwa pamoja. Nilipofukua pembe aliyopenda kulala, chini kulikuwa kumeloa kabisa. Kwa flisi ningelijua siku ya pili.

Tangu hapo, siku ya kusafisha, napiga magoti na kuweka pua yangu pale pua zao zilipo. Ukiinama hivyo macho yakakuwasha, umechelewa.

Kwa haki ya muuzaji, lazima niseme kwamba daktari hakunithibitishia kuwa ni marashi. Alisema inaweza kuwa vumbi, inaweza kuwa Mzee alikuwa tayari na vijidudu kifuani na matandiko yakawaamsha. Shanga, kwenye kizimba hichohicho, alipiga chafya mara chache tu akapona bila dawa. Kwa hiyo sisemi mfuko huu utamuua simbilisi wako. Wapo huenda wanaoutumia mwaka mzima bila shida. Usiku mmoja nilikaa nikafikiri pengine nimemwonea mtu, nikarudisha nyota mbili.

Kisha nikaumwaga uliobaki juu ya karatasi nyeusi. Vipande vikubwa vilikuwa juu. Chini ya mfuko ulikuwa unga. Unga wa mbao mtupu, ule unaopeperuka ukiugusa. Huo ndio unaowafanya hata wapasua mbao wajifunike pua. Na hata ukiacha mapafu, madume huburuta tumbo chini na unga na vipande vidogo hujikusanya kwenye uume wao na kuwasababishia uvimbe, jambo ambalo mwenye duka la wanyama alipaswa kunieleza mimi mwenye dume. Nyota nimezichukua tena.

Mbao zenyewe nazo si moja. Mwerezi sitauweka kwa mnyama yeyote mdogo. Mafuta yake ya asili, yaleyale yanayofukuza nondo kabatini, ndiyo yanayowaudhi kwenye njia ya hewa na kulifanyisha ini kazi ya ziada. Msonobari mbichi ni vilevile. Ule uliokaushwa kwa joto kwenye tanuri umepoteza sehemu kubwa ya mafuta hayo, na wafugaji wengi wanautumia kwa amani ilimradi vipande ni vikubwa na vumbi limepepetwa. Maranda ya aspeni, mti wa nchi za baridi, ni salama zaidi kwa sababu mti huo hauna mafuta hayo. Kwenye mfuko wangu haikuandikwa ni mbao ya mti gani. Nimeugeuza pande zote. Maua yameandikwa mara tatu, mti haujaandikwa hata mara moja.

Karatasi laini zilizosagwa kwa ajili ya wanyama nilizijaribu wiki moja wakati Mzee anapona, nikazipenda, ila ukizichelewesha zinakuwa uji. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanaota ukungu. Mchanga wa choo cha paka unaoganda usiuingize ndani ya kizimba hata kidogo, kwa sababu simbilisi huonja kila kitu na ule hugandia tumboni. Nyasi kavu ni chakula chao, wanapaswa kuwa nazo mchana na usiku, lakini ukizifanya tandiko peke yake hazinyonyi kitu na mashina magumu hujeruhi macho.

Kwa hiyo nimerudi kwenye flisi, na nimerudi kwa adabu. Mtu atakayeanza asikate tamaa siku ya kwanza maji yakielea juu ya kitambaa kipya. Kifue mara tatu au nne kwa maji ya moto bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huzivika nyuzi na kuzuia maji kupita. Mwaga maji kijiko kimoja. Yakizama chini na juu kukabaki pakavu, kiko tayari. Taulo za chini zisifichue vitanzi vya nyuzi, kucha zinanasa. Ziwe nene, kwa kuwa nyayo za simbilisi hazina manyoya, na akikaa juu ya kigumu au kilicholowa hupata vidonda ambavyo kupona kwake ni kwa tabu. Kinyesi nafagia kila siku kwa brashi ndogo. Ule ukoko mweupe wa mkojo kwenye sakafu ya kizimba unatoka kwa siki. Msitumie dawa ya klorini pale penye mkojo, mchanganyiko wake hutoa hewa yenye sumu. Na nyasi zao nazitia kwenye sanduku lenye kina pembeni, na ndani ya sanduku hilo, nakiri, kuna maranda. Ya aspeni, makubwa, hayanuki kitu. Maranda si adui yangu.

Nimesoma upya niliyoyaandika na naona nyota mbili zingetosha: bidhaa mbaya kwa wanyama wangu, huenda ya wastani kwa wako. Lakini mtu anayekuambia mnyama unayemlea ni wa mtaroni, huku ameshika pesa yako, hawezi kuaminiwa akikuambia mfuko gani unamfaa. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu hakuna njia ya kutoa chini yake.

Mzee bado anapiga chafya moja moja asubuhi. Nimezoea kumsikiliza kifua kabla sijanywa chai. Mfuko nimeuweka nje ya mlango, mdomo nimeukaza kwa kamba. Juzi jirani aliuona akaniomba kwa ajili ya sungura wa mwanawe, akasema unanukia vizuri hata ukiwa umefungwa. Nilimkatalia, nikaingia ndani nikamtolea taulo mbili.