TAHADHARI: "Tunahamisha kesi ya marehemu" ni utapeli

Jamani wenye ndugu Marekani, msitume hela kabla hamjasoma hapa.

Baba yetu alifariki Minneapolis akiwa raia wa Marekani. Alikuwa ameniombea kuhamia kule kwa fomu I-130, ile ya kumwombea ndugu wa familia, ombi likakubaliwa, nami niko Dar nasubiri zamu ya viza. Arobaini haijafika, akanipigia mtu akijiita wakala wa uhamiaji. Nahisi alitupata kwenye kundi la WhatsApp la michango ya msiba, maana alijua mpaka siku ya mazishi.

Akaniambia kesi ya baba "inahamishwa" kwa jina la shangazi kwa dola 1,800, na nisithubutu kuuambia ubalozi kwamba baba hayupo. Nikatuma nusu kwa simu. Nilikuwa na uchungu, nikaona ndoto ya baba inazama. Akanirushia risiti yenye picha ya tai, kisha akadai "ada ya haraka". Hapo ndipo mdogo wangu aliyeko huko alipokwenda kumwona wakili wa kweli.

Hakuna kuhamisha kesi. Mwombaji, yaani aliyejaza ombi kama baba yetu, akifa, ombi lililokwisha kukubaliwa linafutika lenyewe. Unachoweza kufanya ni kuwaomba USCIS, idara ya uhamiaji ya kule, walirudishe kwa sababu za kibinadamu. Barua anaandika mwenyewe aliyeombewa, kwenda ofisi iliyolikubali ombi. Haina fomu maalumu wala ada. HAINA ADA! Unaambatanisha cheti cha kifo, maelezo ya sababu zako, na fomu I-864, yaani ahadi ya kukutegemeza kifedha, ya mdhamini mbadala anayeshika nafasi ya marehemu. Huyo mdhamini awe raia au mkazi wa kudumu anayeishi Marekani, ametimiza miaka 18, na awe mzazi, mwenzi, ndugu wa kuzaliwa, mtoto, babu au bibi, mjukuu, mlezi wa kisheria, au mkwe na shemeji. Shangazi hayumo kabisa! Yule bwana hata uongo wake hakuusomea. Kwangu mimi anafaa mdogo wangu.

Na hata ukikamilisha vyote, uamuzi ni wao, na wakikataa hakuna rufaa. Anayekuhakikishia viza anakuibia.

Kilichonitisha zaidi ni ule ushauri wa kunyamaza. Ukienda kwenye mahojiano ukaficha kifo, huo ni udanganyifu, na unaweza kufungiwa kuingia Marekani maisha yako yote. Angenila hela na kuniharibia maisha kwa pamoja.

Hali zinatofautiana, kwa hiyo msinakili yangu. Kama ombi lilikuwa halijakubaliwa mwombaji alipofariki na wewe uko nje ya Marekani, njia hii haipo. Mjane au mgane wa raia ana njia yake, fomu I-360: kama hakuwa ameombewa, ana miaka 2 tangu kifo kuijaza, mradi hajaoa au kuolewa tena. Aliyekuwa akiishi Marekani wakati wa kifo ana kifungu kingine cha sheria yao ya uhamiaji, 204(l), kilichowekwa mwaka 2009. Muulizeni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Tovuti ya serikali yao huishia na .gov.

Namba ya yule mtu haipatikani tena, nimeripoti polisi. Barua yangu nimeiandika mwenyewe na imeshapelekwa. Kama nawe ulimtumia cheti cha kifo au pasipoti, mwambie wakili wako leo, kabla hajajaza kitu kwa jina lako.