Mantiki ya Aristotle na ya Wastoa: ipi inaibeba hoja vizuri zaidi?

Aristotle (384–322 KK) aliijenga mantiki yake juu ya makundi ya vitu. Wanadamu wote hufa. Wagiriki wote ni wanadamu. Basi Wagiriki wote hufa. Ondoa maneno hayo, weka herufi tupu, na hoja bado inasimama. Kutumia herufi namna hiyo, kwangu mimi, ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya katika fani hii.

Wastoa, kundi la wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hasa Chrysippus aliyefariki yapata mwaka 206 KK, walishika njia nyingine. Kwao msingi ni sentensi nzima: "Ikiwa ni mchana, kuna mwanga. Ni mchana. Basi kuna mwanga." Badala ya herufi walisema "la kwanza" na "la pili", na walikuwa na hoja tano za msingi zisizohitaji kuthibitishwa. Fundi umeme huitumia ile ya tano kila siku: ama fyuzi imeungua ama waya umekatika, fyuzi ni nzima, basi ni waya. Jaribu kuibana hoja hiyo katika "wote" na "baadhi" ya Aristotle, utahangaika.

Kwa kupanga viumbe katika makundi, ningemchukua Aristotle. Kwa saketi na programu za kompyuta, Wastoa wako karibu zaidi. Inauma kwamba maandishi ya Chrysippus karibu yote yalipotea, na kwamba mantiki yao ilidharauliwa hadi karne ya 20, mwanamantiki Mpolandi Jan Łukasiewicz alipoonyesha kuwa ni mfumo unaojitegemea.