Darasa la kuogelea kupunguza uzito: bwawa zuri, lakini ile mizani!

Nilikusudia kuwapa nyota nne. Bwawa ni safi, maji hayamkakamazi mtu, na mlinzi wa bwawa haondoi macho majini. Ila kila nikitaka kulisifu darasa lao la wanaoanza, nairudia ile mizani.

Iliwekwa ukingoni kabisa, juu ya vigae vilivyolowa, watu wakiwa wameshavaa nguo za kuogelea. Kocha anaita mmoja mmoja, anasoma namba kwa sauti, msaidizi anaandika. Mama mmoja akapanda amejifunga taulo. Akaambiwa alitoe, eti taulo nalo lina uzito. Darasa zima linamtazama.

Nauliza, namba ile ilimfaa nani? Vigae vya ukingoni vina mteremko wa kupeleka maji mferejini, na mizani ya nyumbani inataka sakafu ngumu iliyo sawa, la sivyo inasoma ovyo. Halafu ilikuwa jioni. Mtu aliyekula na kunywa kutwa nzima anaweza kuzidi uzito wake wa asubuhi kwa kilo moja au hata mbili bila mafuta kuongezeka. Anayetaka kipimo cha maana ajipime kwake asubuhi, akishakwenda haja na kabla ya kula, mizani ile ile, mahali pale pale. Kila wiki mbili apitishe na tepu ya fundi cherehani kiunoni, usawa wa kitovu. Wiki za mwanzo misuli isiyozoea kazi hushika maji, kwa hiyo namba inaweza kugoma kushuka, au hata ikapanda kidogo. Hilo lilipaswa kusemwa siku ya kwanza. Asiyeambiwa huona anajisumbua bure, akaacha.

Wengi wanaosita kuanza kuogelea si wavivu hata kidogo. Wanaogopa zile hatua chache za kutoka chumba cha kubadilishia nguo hadi majini. Na zina dawa: nenda na taulo au shati mpaka penye ngazi, livue hapo hapo, ingia. Maji yakifika kifuani hakuna anayeona kitu, na yanakuwa yamekubebea zaidi ya nusu ya uzito wako. Ndiyo maana goti lililokataa kukimbia barabarani linakubali kufanya kazi majini. Mtu akishaonja wepesi ule mara moja, kumrudisha kesho kutwa si kazi. Kocha huyu akaenda kuweka mizani katikati ya hatua zile zile.

Kisha ikaja amri: mizunguko kumi, na anayeshika ukuta anaanza upya. Bwawa lina mita 25, kwa hiyo kwenda na kurudi mara kumi ni mita 500. Kwa mtu wa siku ya kwanza! Kinachomwangusha kinajulikana. Anabana pumzi uso ukiwa majini, kisha akiibuka anataka kutoa hewa na kuvuta nyingine kwa sekunde hiyo hiyo moja. Hewa chafu haitoki yote, kifua kinabana, anadhani anakosa hewa. Akiinua kichwa kutafuta pumzi, miguu inazama. Akiipiga kwa nguvu isizame, misuli mikubwa ya mapaja inamaliza hewa kidogo iliyobaki. Mita 15 tu, amekwisha, hata kama ana mapafu mazima.

Yule mama hakumaliza hata mzunguko mmoja. Akashika kamba ya kugawa njia. Kocha akamwambia mbele ya wote: "Mafuta yangekuwa yanaisha kwa kushika kamba, usingekuja hapa."

Kupumzika ukutani ni sehemu ya zoezi. Mpango wa anayeanza ni dakika 30, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Dakika tano za kwanza ni kutembea majini, maji yakiwa kifuani. Kisha shika ukingo, zamisha uso, toa mapovu taratibu kwa pua na mdomo ukihesabu hadi nne, geuza uso pembeni, vuta hewa. Mara kumi, pumzika, rudia. Hapo ndipo uogelee urefu mmoja mmoja, mara nne hadi sita, mtindo wowote unaoujua, na kati ya urefu na urefu usimame sekunde 30 hadi 60, mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Wiki inayofuata ongeza urefu mmoja au punguza sekunde kumi za kupumzika. Usifanye yote mawili kwa pamoja.

Mtu wa kilo 80 akiogelea taratibu nusu saa kamili anachoma kama kalori 240. Darasa lile, tangu kupimwa hadi kufokewa, sidhani kama kuna aliyeogelea dakika kumi. Wala hawakugusia njaa, ambayo majini ndiyo mtego mkubwa, hasa maji yakiwa baridi. Chakula cha baadaye kiandaliwe kabla ya kutoka nyumbani, vinginevyo zile 240 zinarudi kabla nywele hazijakauka.

Miwani yao ya kuazima pia haifai. Miwani hujaribiwa bila mkanda: ibandike machoni, achia mikono. Ikishika sekunde mbili tatu ni yako, ikidondoka tafuta nyingine. Wao wanakaza tu mkanda, na maji yanaingia vile vile.

Lakini nisiwe dhalimu. Yule msaidizi aliyekuwa akiandika namba ndiye anayefundisha asubuhi, na zoezi la mapovu analisimamia vizuri, kwa upole, mpaka mtu aelewe. Ukiweza kwenda asubuhi, nenda. Kwa ajili yake nilishaandika nyota tatu.

Kisha nikaenda mapokezi kuuliza kuhusu mizani. Jibu nililopewa: "Ndivyo tunavyowatia moyo." Kumtia moyo nani? Yule mama hajaonekana tena! Basi hapana, hata asubuhi msiende, mpaka ile mizani iondoke ukingoni. Nyota moja, nayo ni ya mlinzi wa bwawa, aliyemshika mkono mama yule kupanda ngazi, akaliokota taulo lake kwenye vigae na kumfunika mabega.