Kujifunza kutuliza maumivu Bukavu: kwenye skrini au kando ya kitanda?

Daktari wa Bukavu anayetaka kuongeza ujuzi wa kutuliza maumivu anaweza kufuata masomo ya intaneti, au kufanya mazoezi wodini chini ya mwenzake mzoefu. Mimi naipa uzito njia ya pili.

Masomo ya intaneti hayamlazimu kuacha zamu yake, na humfikishia mabadiliko upesi. Ngazi ya hatua tatu ya Shirika la Afya Duniani, inayopanga dawa za maumivu kuanzia nyepesi hadi kali na iliyotolewa mwaka 1986, ingali inafundishwa, lakini mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2018 kuhusu maumivu ya saratani unaichukulia kuwa kielelezo cha jumla tu, si sheria ya kufuatwa bila kumtazama mgonjwa. Jambo kama hilo husomeka vizuri hata usiku nyumbani, umeme ukiwapo.

Wodini, hata hivyo, ndiko inakoshughulikiwa hofu ya daktari mwenyewe mbele ya morfini, dawa kali ya maumivu ambayo ikizidi hudhoofisha pumzi. Anayejua kwamba morfini ya kunywa ya kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, bado anaweza kusita kuiandika, mpaka amwone mgonjwa aliyekesha akiugulia sasa amelala, huku pumzi yake ikiwa sawa. Tena mama anayesema "siumwi sana" ilhali amekunja uso hueleweka kwa kuketi naye na kumwuliza polepole, kwa Kiswahili au kwa Mashi, lugha ya wenyeji wa huko. Mkufunzi mmoja huwaongoza wachache tu kwa wakati mmoja. Upungufu huo naukubali.