Kitabu kuukuu cha koo za Uskoti: maoni ya mnunuzi wa Mombasa

Kitabu hiki nilikinunua kwa shilingi 400 katika duka la vitabu vilivyotumika, si mbali na Marikiti. Jalada lake limeng'oka pamoja na ukurasa wenye jina, na muuzaji, kwa uungwana, aliitaja kasoro hiyo kabla sijaanza kuomba nipunguziwe bei.

Thamani yake imo katika sura ndefu inayohusu hati za utumishi, ambazo Waskoti waliandikiana kwa wingi tangu katikati ya karne ya 15 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Mwandishi anathibitisha kuwa utiifu kwa mkuu wa ukoo haukutokana na damu peke yake: mtu asiyekuwa na nasaba naye aliweza kutia saini, akaahidi kumfuata vitani na mahakamani, kumpa shauri jema na kumfichulia njama zozote atakazozisikia, naye mkuu akajifunga kumlinda na kumtetea katika ugomvi wake wa haki. Kwa kawaida hati hizo zilitanguliza sharti kwamba utii kwa mfalme usiguswe, sharti ambalo, nadhani, lilikuwa rahisi kuandika kuliko kutimiza. Msomaji wa Mvita anayejua jinsi Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walivyofungamana kwa maagano na majirani zao Wamijikenda hatapata taabu kuielewa sura hii.

Mwandishi anaeleza pia kwamba mtu alipofariki, mkuu wa ukoo alidai mnyama bora wa marehemu, awe farasi au ng'ombe, iwe ishara kwamba marehemu alimkubali kuwa bwana wake. Bunge la Uskoti lilipiga marufuku dai hilo mwaka 1617. Maelezo ni sahihi lakini makavu mno, kwani mjane aliyeachiwa zizi pungufu hatajwi popote, na wanawake kwa jumla wamesahauliwa katika kitabu kizima.

Sura ya Vita vya Culloden vya mwaka 1746, ambapo jeshi la serikali ya Uingereza liliwashinda waasi wa Uskoti, ni dhaifu. Imejaa mapanga na mizinga, ilhali sheria zilizofuata, ambazo ziliwanyang'anya wakuu mamlaka ya kurithi ya kuwahukumu watu wao na kufuta umiliki wa ardhi kwa sharti la kwenda vitani, zimepewa aya moja tu.

Kiingereza chake ni kizito na ramani mbili zimechanika. Kwa bei hiyo ningemshauri mwalimu wa historia akinunue. Mwenye kutafuta visa vya mashujaa atachoka kabla ya sura ya tatu.