CopenHill: kuskii juu ya paa la kiwanda cha taka cha Copenhagen

Denmark haina milima. Sehemu yake ya asili iliyo juu kabisa haifiki mita 171 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo mkazi wa Copenhagen aliyependa kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vibao vilivyofungwa miguuni, alizoea kufunga safari hadi Norway au Uswidi. Tangu Oktoba 2019 anaweza kupanda basi la mjini hadi kisiwa cha Amager, akakodi vifaa, kisha akateleza juu ya paa la kiwanda kinachochoma takataka alizozitupa yeye mwenyewe juma lililopita. Paa hilo ndilo CopenHill. Nimelipanda mara mbili, mara moja wakati wa kiangazi na mara nyingine Februari, na maoni yangu hayakuwa yale yale.

Kiwanda chenyewe kinaitwa Amager Bakke, nacho kinamilikiwa kupitia shirika la ARC na manispaa tano: Copenhagen, Frederiksberg, Dragør, Hvidovre na Tårnby. Kilisanifiwa na ofisi ya Bjarke Ingels na kuanza kazi mwaka 2017, kikichukua nafasi ya kinu kikuukuu kilichokuwapo jirani tangu 1970. Taka huungua tanurini, moto huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo wa umeme, na joto linalobaki, ambalo kwingine lingeachwa lipotee, huingizwa katika mabomba ya maji moto yaliyofukiwa chini ya barabara na kusambazwa majumbani. Karibu kila nyumba ya jiji hilo hupashwa joto kwa mtandao wa mabomba ya namna hiyo. Sisi tuliokulia kwenye jua tunaweza kulipuuza jambo hili, lakini niliporudi chumbani usiku ule wa Februari na kuweka viganja juu ya chuma cha kupashia joto kilichofungwa chini ya dirisha, nilielewa kwa nini halmashauri ya jiji huijali huduma hiyo kama sisi tunavyoyajali maji ya bomba.

Mtu aliyewahi kupita kwenye dampo la Dandora kule Nairobi, au lile la Pugu Kinyamwezi kule Dar es Salaam msimu wa mvua, akifika hapa atatafuta harufu kwanza. Nami niliitafuta, nikaikosa. Hewa ya ukumbi ambamo malori humwaga taka huvutwa kuelekea tanurini badala ya kuachwa itoke nje, na moshi huchujwa kabla ya kufika kwenye dohani.

Njia ya waenda kwa miguu haina kiingilio, na ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Inapanda taratibu kati ya miti midogo na nyasi ndefu ambazo humsahaulisha mtu kabisa kwamba chini ya soli za viatu vyake kuna tanuri. Wanaotaka kuskii hulipia, na wanachokikuta si theluji bali zulia la plastiki la kijani lenye vijibrashi, ambamo nyasi halisi huchomoza katikati. Vaa mikono mirefu na glavu hata kukiwa na joto, kwa kuwa zulia hilo huchubua ngozi. Kwenye ukuta wa nje kuna mahali pa kukwea penye urefu wa mita 85; hapo mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Juu kabisa kuna mkahawa, upepo mkali na mandhari ambayo peke yake inatosha kulipia nauli. Baharini imesimama mitambo 20 ya upepo ya Middelgrunden, iliyojengwa miaka 25 hivi iliyopita, ambayo nusu yake ilinunuliwa na ushirika wa wananchi wa kawaida. Jirani kabisa ni mtambo wa umeme na joto wa Amagerværket, ulioacha makaa ya mawe na sasa unatumia vipande vya miti. Kwa kugeuza shingo tu, mgeni anaisoma sera nzima ya nishati ya jiji.

Hapo ndipo dosari pia inapoonekana, kwa maana dohani iko karibu na mkahawa. Mwaka 2012 baraza la jiji lilipitisha mpango wa kulifanya Copenhagen kuwa mji mkuu wa kwanza duniani usioongeza hewa ukaa angani, na tarehe ya mwisho ilikuwa 2025. Tatizo ni kwamba plastiki hutokana na mafuta ya petroli, hivyo kuichoma ni kuchoma petroli kwa njia ya mzunguko. Dawa iliyotegemewa ilikuwa mtambo wa kunasa takriban tani 500,000 za hewa ukaa kwa mwaka katika kiwanda hiki hiki, lakini Agosti 2022 ARC ilitangaza kwamba haiwezi kutimiza masharti ya mtaji yaliyowekwa kwa waombaji wa fedha za serikali, na jiji likakiri kwamba lengo la 2025 halitafikiwa. Zaidi ya hayo, tanuri kubwa lina njaa kubwa, na hili limewahi kulishwa hata taka zilizoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Kadiri wakazi wanavyozidi kutenganisha plastiki ili itumike tena, ndivyo kiwanda kinavyolazimika kutafuta chakula mbali zaidi, na sidhani kwamba waliokibuni walilipima hilo vya kutosha.

Kwa matembezi ninapapa nyota tano bila kusita. Kwa kuskii, tatu. Mkishuka msirudie njia ile ile, bali pandeni lifti, kwa kuwa ina kioo kinachoonyesha mabomba na mitambo iliyojaa tumbo zima la jengo, na watu waliokuwa wakipiga soga kileleni hunyamaza wote kwa pamoja. Ombi langu kwa manispaa hizo tano ni dogo: pale juu, kando ya orodha ya bei za kahawa, pawekwe kibao cha umeme kinachoonyesha ni kilo ngapi za hewa ukaa zimepanda kwenye dohani tangu asubuhi.